Msimu wa Kushikana Pua

2 Juni

Wewe mtoto, una miguu au huna? Mara ya mwisho ulipokanyaga kizingiti hiki, mlango ulikuwa wa bluu. Sasa ni wa kijani, na kijani chenyewe kimeshaanza kubanduka. Unapiga simu kisha unaniambia, "Mama, nina haraka," utadhani mimi ndiye niliyepiga. Basi nimeamua. Nitakuandikia humu msimu wote wa pamba, siku yenye jambo na siku isiyo na jambo, na ukija utaketi kwenye kigoda usome mpaka mwisho, ndipo upewe chai.

Mwandiko usiucheke. Herufi hizi umenifundisha wewe, ukiwa darasa la pili, ukinichapa vidole kwa rula kila nilipoigeuza b ikawa d. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia dirishani. Nilichonacho ni chako.

Habari kubwa ni ya mwanao, yule binti yako. Amepata kazi kwenye ile maabara iliyo nyuma ya zahanati, lakini bado wanamtazama. Mkuu wake, mama mmoja mrefu asiyecheka, amemwambia: msimu huu mmoja utafanya kazi yako, ikiaminika unabaki, isipoaminika tunaagana kwa wema. Na akiagwa hapa hana pengine pa kufanya kazi hiyo. Atapanda basi aje huko uliko, nami nitabaki nazungumza na sufuria. Sasa unajua kinachoninyima usingizi.

Kazi yenyewe ni kupima makamasi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Akaningoja nimalize, mpole kama baba yake, kisha akasema, "Bibi, pua ikichokozwa na vumbi, mwili unaita askari. Askari wakifika, pua inavimba, inawasha, inachuruzika. Wale askari wanaitana kwa filimbi. Mimi napima filimbi. Nataka kujua katika tone moja la kamasi mna filimbi ngapi."

Nikamwambia, "Kama ni vumbi, umefika penyewe." Maana pale kiwandani kwetu tunapasua magodoro makuukuu, tunaitoa pamba iliyogandamana, tunaipiga fimbo mpaka ilegee, halafu tunaichambua kwa vidole na kuitia guniani. Msimu huu wa baridi na upepo ndio wenye kazi nyingi. Jioni ukipenga, leso inatoka nyeusi.

Mwanao akasema ndiyo, watachukua wanawake sita wa chumba cha kuchambulia. Nikanyoosha shingo. Akasema, "Isipokuwa wewe, bibi. Mkuu amekataza jamaa."

Jamaa. Nimemlea tangu hana meno, leo mimi ni jamaa.

5 Juni

Wamekuja kwa mara ya kwanza. Mwanao alivaa koti jeupe na glavu, ana kasha la barafu. Anachukua kisponji kidogo kama ukucha wa kidole kidogo, anakiingiza puani kwa koleo, kisha anaibana ile pua kwa vidole viwili na kungoja dakika chache, huku akiangalia saa. Akikitoa anakitia kwenye kichupa, kichupa kinazama kwenye barafu.

Wa kwanza kuketi alikuwa Bi Kicheko. Unamkumbuka? Yule wa mlango wa pili, anayechambua pamba ubavuni kwangu, hana mtoto wala mjukuu, na kicheko chake kinamtangulia mlangoni. Aliogopa kile kisponji. Basi mwanao, kwa mkono mmoja akambana pua, kwa mkono mwingine akamshika mkono. Dakika zote zile. Na Bi Kicheko, mwanamke aliyewahi kumfukuza nyoka kwa ufagio, akalegea kama mtoto wa chekechea.

Nilichambua pamba kwa nguvu mpaka nikaumia kucha.

6 Juni

Upepo. Sina la kuandika.

9 Juni

Mwanao alikula kwangu. Ana shida na sponji. Anasema sponji zina uchoyo. Anaziwekea kiasi anachokijua cha zile filimbi, kisha anazikamua kuona zitarudisha kiasi gani. Aina moja ukiipa kumi inakurudishia sita. Ikishika, imeshika.

"Kama jirani zetu," nikasema.

Amepata aina nyingine inayorudisha karibu vyote. Alifurahi utadhani ameposwa. Nilimpa kipande changu cha nyama, nikamwambia sina njaa.

12 Juni

Leo alikuja na mizani. Mizani ndogo, ina kuta za kioo ili hata pumzi isiitikise. Anapima kichupa na kisponji kikiwa kikavu, anakipima tena kikiwa kimetoka puani, ili ajue amepata kamasi kiasi gani. Wanawake wote sita waliacha kazi wakasogea. Mizani ndiyo bwana wetu pale. Sisi tunalipwa kwa uzito, mwenye mizani akitikisa kichwa ni siku mbaya, akiitikia ni siku njema. Hakuna asiyejua kuzisoma sura za mpimaji.

Visponji viwili vya kwanza vilitoka vyepesi. Mwanao akakunja uso, maana tone likiwa dogo mno hapati cha kupima. Kikaja cha Bi Kicheko. Mwanao akatabasamu. "Hiki kizuri, bibi. Kimejaa."

Bi Kicheko akageuka kututazama sisi wengine kama aliyevishwa taji. Kisha akampapasa shavu mwanao, akasema, "Karibu, mke mwenzangu."

Nikaweka fimbo chini.

"Umemwita nani?"

"Mke mwenzangu. Kwani jina hilo limeandikwa mlangoni kwako?"

"Mimi namwita hivyo kwa sababu mume tunayemgombea namjua. Ni babu yake, nimemzika mwenyewe. Wewe naye mnagombea mume gani?"

"Basi niazime marehemu," akasema, na chumba kizima kikacheka. Hata mwanao. Alijifunika mdomo kwa glavu, lakini mabega yalimtikisika.

Mwanangu, nimekuwa na wivu mara nyingi. Nilimwonea wivu dada yangu kwa nywele zake, nikamwonea wivu mke wa fundi viatu kwa kabati lake la kioo. Ule ulikuwa wivu wa kupita. Huu umeketi, umevua viatu.

13 Juni

Baridi. Bi Kicheko alinisalimia, nikaitikia kwa kichwa.

19 Juni

Leo nimeona jambo.

Lakini kwanza nikukumbushe maana uliondoka zamani. Pamba kavu ni nyepesi, na sisi tunalipwa kwa uzito. Basi wako wanaoinywesha. Mtu anajaza maji mdomoni, anaipulizia pamba ya katikati ya gunia, kidogo tu, juu anaweka kavu. Kila aliyewahi kufunga gunia anaijua kazi hiyo, hata anayeapa kwamba haijui. Ndiyo maana mwenye mizani anatumbukiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko kabla hajapima.

Asubuhi, kabla mwanao hajafika, nilikwenda bombani kunawa. Bi Kicheko alikuwa amenitangulia. Amekinga maji kiganjani, anayavuta puani. Pua hii, kisha pua ile. Akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho, akarudi chumbani anatembea polepole kama aliyebeba mtungi kichwani.

Alipofikiwa, kisponji chake kikawa kizito kuliko vyote. "Mashaallah," akasema mwanao. Bi Kicheko akanikonyeza mimi.

Sikusema neno. Nilijua kinyweshwacho hakikosi siku ya kubambwa. Nikasema moyoni, ngoja. Ngoja mkono uingie guniani mpaka kwenye kiwiko.

20 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Nimeshona kifungo cha koti la mwanao.

26 Juni

Sasa ni wote sita. Asubuhi walipanga foleni bombani, mmoja baada ya mwingine, wanavuta maji puani na kupigana vikumbo kama wasichana wa shule. Mmoja alipaliwa akapiga chafya, ikabidi aanze upya. Wanashindana nani atamjazia mtoto kisponji.

Nilisimama pembeni na fimbo yangu. Nisiye na kisponji, nisiyeshikwa pua, nisiyeambiwa "kizuri, bibi." Sijakuandikia humu ili nijipambe, kwa hiyo nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilifurahi kwa ile furaha yenye ladha ya chuma mdomoni.

Na mwanao naye alikuwa akifurahi, maskini. Visponji vimejaa. Aliimba akifunga kasha la barafu.

3 Julai

Amekuja jioni. Niliposikia hodi nilijua mguu ni wake, lakini si mwendo wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshapita huko kwanza?"

"Huko wapi?"

"Kwa wenye pua nzuri."

Alikaa kitandani bila kuvua viatu, jambo ambalo mimi namkataza, na leo sikumkataza. Nilimpa chai akaishika tu, mikono ikapata moto.

Kisha akaniambia. Filimbi zinapungua. Wiki ya kwanza alizikuta tele, kama alivyotarajia. Tangu hapo uzito wa makamasi unapanda na filimbi zinashuka, kila wiki chini zaidi, na vumbi la kiwandani halijapungua, limezidi.

"Bibi, chai hii ukiiongeza maji ikawa vikombe vitatu, majani ni yaleyale. Lakini ukionja kikombe kimoja utasema haina majani. Ndivyo zilivyo sampuli zangu. Mkuu amepima chumvi, kamasi la mtu lina chumvi yake. Haya yana chumvi pungufu. Kuna maji yameingia mahali."

"Mahali gani?"

"Anasema ni mkononi kwangu. Kwamba vichupa naviosha sivikaushi. Au barafu inayeyuka inapenya. Nimevikausha, bibi. Nimevikausha mara mbili mbili. Jana nimerudia vyote kwa mkono wangu, nikapima vikiwa vitupu, vikavu kabisa. Sasa nalala naota vichupa." Akanitazama. Macho yake unayajua, ni yako. "Wiki ijayo anakuja mwenyewe kiwandani kunitazama ninavyochukua. Akiona kosa ni langu, ndiyo basi. Bibi, wewe unakaa pale siku nzima. Hujaona chochote?"

Maneno yalikuwa hapa, nyuma ya meno. Ningesema bomba, kwisha. Lakini ujue kilichonijia. Nilimwona amebana pua ya mwenzangu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umo kiganjani mwake. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Mimi simo kwenye sita wako. Macho ya jamaa utayafanyia nini?"

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika, angekasirika ningejua la kufanya. Alisema, "Sawa, bibi, pumzika," akatoka. Nikasikia anapiga hodi mlango wa pili. Nikasikia kicheko cha yule mwanamke, halafu kikakatika ghafla, halafu sauti yake ya chini akimwambia, "Njoo, mama, njoo ukae."

4 Julai

Sikwenda kazini. Nimemwambia mwenye mizani ni mgongo.

5 Julai

Mgongo.

7 Julai

Nimerudi kazini. Upepo umeleta vumbi la barabarani likachanganyika na letu. Bi Kicheko anapumulia mdomo, nimemsikia. Aliniuliza kama nimepona. Nikamwambia sikuwa mgonjwa. Akasema, "Najua."

9 Julai

Kesho mkuu anakuja. Nimechambua mchele mpaka umebaki mweupe tupu, nikaumwaga kwenye sinia nikauchambua tena. Nilianza kwa kutaka Bi Kicheko abambwe, na sasa nimeona mkono unaoingia guniani utamshika nani. Hautamshika yeye. Yeye atacheka, atarudi kwenye pamba yake. Atakayepakia sanduku ni mwanao.

10 Julai

Leo naandika ndefu, vumilia.

Niliamka mapema nikawahi kiwandani kabla ya mtu yeyote. Nikageuza ndoo kubwa, nikaiweka chini ya bomba, nikaikalia. Mgongo wangu ukaliziba bomba kabisa. Wakaanza kuja. Wa kwanza akadhani naumwa. Wa pili akasema, "Bibi, sogea, wageni wanakaribia." Nikasema leo maji hayatoki. Wakatazamana, wakaondoka. Wanajua nikikalia kitu nimekalia.

Bi Kicheko akaja wa mwisho.

"Inuka."

"Siinuki."

"Nina haja ya kunawa."

"Nawa mikono, nitakumiminia. Pua hunawi."

Akaelewa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka.

"Kumbe unajua."

"Najua tangu siku ya kwanza. Unamharibia mtoto kazi. Yale maji yanazimeza filimbi zake. Wanasema ni yeye mchafu wa vichupa, wanataka kumfukuza."

"Mimi namharibia?" Alishika kifua. "Mimi ninayemjazia? Wewe humwoni anavyonuna kikiwa chepesi? Mimi nimeishi na mizani maisha yangu yote. Kitu kikiwa chepesi kinarudishwa. Mtu akileta chepesi mara tatu haitwi tena."

"Hakuna aliyesema atakuacha."

"Hakuna aliyesema hataniacha." Akakaa chini, pale pale kwenye tope, na kitambaa chake safi. "Wewe hata ukikauka kama jiwe, atakuja kwako kula. Wewe ni bibi yake. Mimi nikikauka, anakuja kwangu kufuata nini? Kwa wiki mara moja mtu ananishika mkono. Nikavuta maji kidogo. Ndiyo, nikavuta."

Mwanangu, nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyanoa tangu mwezi wa sita. Yakaniishia yote. Kumbe wakati namwonea wivu mchana kutwa, naye ananionea mimi, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeshiba.

Nikamwambia, "Inuka, utapata baridi ya tumbo." Nikamvuta mkono. Wazee wawili kusimamishana si kazi ndogo, nusura sote tuanguke bombani.

Tukaingia chumbani. Mkuu alikuwa ameshafika, mrefu, mikono nyuma, anakagua vichupa kimoja kimoja kwenye mwanga. Mwanao amesimama kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Nikasema kabla ushujaa haujanitoka:

"Mama mkubwa, usiangalie vichupa. Pua ndizo zilizonyweshwa."

Mkuu akageuka. "Zilizofanywa nini?"

Ikabidi nieleze. Pamba, maji ya mdomoni, gunia, mizani. Mwenye mizani alikuwa mlangoni, alisikia yote, wanawake wengine wakainamisha vichwa. Bi Kicheko akasema, "Mimi ndiye niliyeanza." Na mkuu akaniuliza mimi, bila ukali, kama anayeuliza saa:

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tisa, mwezi wa sita."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mwanao alinitazama. Hakuuliza kwa nini. Aligeuka akaanza kufunga kasha la barafu, na lile kasha lilikuwa tupu.

Mkuu alikaa kwenye bunda la pamba na suruali yake nyeusi, akafikiri. Kisha akamwambia mwanao, "Maji nilijua yapo. Nilidhani ni yako, nisamehe. Lakini ulisema 'kizuri' mbele ya watu wanaolipwa kwa uzito. Hilo ni lako." Mwanao akaitika. Mkuu akaendelea: wiki zote za maji zitatupwa. Wiki ya kwanza inabaki. Na zimebaki wiki za kutosha kabla msimu haujaisha, akizipata safi, kazi yake itasimama. Kila mwanamke akae saa nzima bila kugusa maji kabla ya kuchukuliwa, na visponji viwili, kimoja kila upande wa pua, ili kama kimoja kinadanganya, cha pili kikiumbue.

"Na awepo mtu wa kuwachunga hiyo saa nzima," akasema. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. "Mwekeni huyu bibi. Ana wivu, hatapitiwa na usingizi."

Hakucheka aliposema hivyo. Lakini naona huko ndani alicheka.

11 Julai

Mwanao hakuja.

14 Julai

Hakuja.

17 Julai

Alikuja kiwandani, si kwangu. "Shikamoo" ya kazini, fupi. Niliwaketisha sita wangu kwenye benchi, saa nzima, hakuna kunywa, hakuna kunawa, hakuna kwenda chooni bila mimi nyuma. Mmoja akaniita askari jela. Nikamwambia askari jela analipwa.

Mikono ya mwanao haitoshi sasa visponji vikiwa viwili kwa kila mtu. Akanipa glavu. Akasema, "Bana hapa, usikaze, usilegeze," na macho yake yako kwenye saa. Kwa hiyo, mwanangu, jua kwamba mama yako leo amembana Bi Kicheko pua. Tukatazamana, mimi na yeye, pua kwa pua. Macho yakamlengalenga.

"Naumiza?" nikauliza.

"Hapana," akasema kwa sauti ya bata. "Una mkono mwepesi kuliko ulimi."

Nilicheka, naye akacheka, kisponji kikaruka. Mwanao akatukemea wote wawili. Tukaanza upya.

18 Julai

Baridi imezidi. Nimempelekea Bi Kicheko blanketi. La zamani.

24 Julai

Visponji vilitoka vyepesi. Mwanao hakusema kizuri wala kibaya. Ameshaacha kabisa. Anapima, anaandika, uso wake umefungwa kama duka la Ijumaa.

Kwangu bado haji kula. Nampikia, nakula mwenyewe cha watu wawili, nanenepa kwa huzuni.

31 Julai

Alikuja leo. Alivua viatu mlangoni, ndipo nikajua.

Aliniambia visponji viwili vya pua moja sasa vinasema jambo moja. Akichukua cha kulia na cha kushoto hesabu zinakaribiana, na chumvi iko sawa. Filimbi zimerudi, tele. Akala, akaongeza. Kisha akauliza, kijiko bado kiko mkononi:

"Kwa nini ulinyamaza, bibi?"

"Kwa sababu ulimshika mkono."

"Kwa sababu hiyo tu?"

"Kwako ni tu."

Akanyoosha mkono juu ya sahani, akanibana pua kwa vidole viwili vyenye harufu ya mchuzi, akaibana hivyo hivyo tukitazamana.

"Hii siipimi," akasema. "Nashika tu."

Nilishindwa kupumua, lakini sikumwambia aache.

7 Agosti

Sawa na wiki iliyopita. Upepo umepungua.

14 Agosti

Hesabu zimekamilika, na Bi Kicheko ndiye mwenye filimbi nyingi kuliko wote. Si nyingi kidogo. Mkuu mwenyewe alikuja kumwambia. Pua yake imevimba ndani kwa muda mrefu, na daktari wa zahanati alipomsikiliza kifua amekuta kimeanza kufuata njia hiyohiyo. Ule mwezi wa maji yeye ndiye aliyekuwa anaonekana mzima kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyevuta mengi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo yangu. Kama mkuu asingekuja, na mimi ningebaki na kile kinyongo changu, wangemwandika mzima. Angeendelea kupiga pamba ubavuni kwangu, anapumulia mdomo, nami namnunia, mpaka siku nisikie mlango wa pili kimya.

Amenifuata. "Unalia nini? Mgonjwa ni mimi."

"Nalia vumbi."

"Basi penga," akasema, akanipa leso yake.

18 Agosti

Mwenye mizani amekubali kumhamishia Bi Kicheko kwenye chumba cha kushonea foronya, penye dirisha. Alikataa kwanza. Nikamwambia mimi na wanawake wote tutaacha fimbo zetu pale pale chini. Akasema nina kelele. Nikamwambia bado hajazisikia.

Pahali pake ubavuni kwangu wameweka bunda la pamba. Halisemi kitu.

29 Agosti

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala, msimu umekwisha, magunia ya mwisho yametoka leo.

Mwanao anabaki. Mkuu amemwambia leo, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba kazi yake inaaminika. Amepata meza yake mwenyewe na kabati lenye ufunguo. Alikimbia kutoka maabara mpaka kiwandani kwenye mvua ili aseme, akaja amelowa chapachapa.

Ila niseme na hili. Alipofika uani, chumba cha kushonea kiko njiani. Alipita dirishani akamwambia Bi Kicheko kwanza, ndipo akaja kwangu. Nimesikia kicheko kabla sijasikia habari. Iliniuma, usidhani nimegeuka malaika. Lakini kile kicheko kilitoka kifuani bila kukohoa, nikakisikiliza mpaka mwisho.

Sasa wewe. Ukija, na uje kabla kijani cha mlango hakijaisha, anzia kwangu. Ule, uoge, ulale ubavuni kwangu usiku mzima kama ulipokuwa mdogo. Asubuhi yake nenda mlango wa pili, piga hodi, piga magoti umwamkie Bi Kicheko na umwite mama. Mshike mkono. Kaa mpaka chai iishe kikombeni, kikombe kimoja, halafu urudi.